Supu Iliyokwama Njiani

Fundi lifti alivunjika mguu kwenye ngazi. Tangu ujana wake alikuwa akishuka na kupanda kwenye mashimo ya lifti, akining'inia kwenye nyaya na kutambaa juu ya mapaa ya vyumba vinavyotembea, na hakuwahi kupata zaidi ya mchubuko. Akaja kuteleza nyumbani kwake mwenyewe, mkononi ameshika mfuko wa takataka. Jengo alilokuwa akiishi halikuwa na lifti, na yeye alikaa ghorofa ya nne. Daktari akamfunga plasta kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti, akampa magongo mawili na kumshauri asipande ngazi. Ushauri huo alipewa saa tatu asubuhi. Saa nne alikuwa anapanda ngazi kwa makalio, moja baada ya nyingine, ili afike kitandani kwake.

Mkewe hakuwepo. Alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza binti yao aliyejifungua mtoto wa kwanza. Aliposikia habari za mguu alitaka kufunga mizigo arudi, lakini mumewe akajikaza kiume.

"Kaa na mtoto," akamwambia kwenye simu. "Mimi nitajitegemea."

"Utakula nini?"

"Nitaagiza."

Mke alikuwa anamfahamu mumewe: mtu anayeweza kuifungua mota ya lifti na kuirudishia bila kubakiza hata skrubu moja, lakini akiachiwa yai la kuchemsha, litaungua pamoja na sufuria.

"Haya," akasema.

Ile programu ya kuagizia chakula aliwahi kuwa nayo zamani. Akaiweka tena kwenye simu na kuandika namba yake, na programu ikamtambua palepale kama ndugu aliyepotea. "Karibu tena, rafiki! Tulikukosa sana!" Fundi hakukumbuka kuwa rafiki yao, lakini alikuwa na njaa. Akachagua wali na kuku wa kuchoma kutoka mgahawa ambao kwenye picha ulikuwa na meza zenye vitambaa vyeupe na maua mezani. Akalipa. Ramani ikafunguka, na juu yake kipikipiki chekundu kikaanza kutembea.

Alikitazama kwa raha. Kilipita sokoni, kikapita kituo cha mafuta, kikakaribia mtaa wake, kisha kikaupita na kuendelea na safari. Kikavuka daraja. Fundi akakaa vizuri kwenye kochi. Kilipokata kona ya pili baada ya daraja, raha ikamwisha, maana katika upande ule wa mji alikuwa anaifahamu nyumba moja tu.

Akampigia mwendesha pikipiki.

"Kijana, umepotea! Mimi niko huku!"

"Mzee, mimi nafuata ramani. Nimeshafika."

"Usimpe mtu yeyote!"

"Nimeshampa, mzee. Mama mmoja hivi, mshonaji. Ameshukuru."

"Aliuliza nani katuma?"

"Aliuliza. Nikamsomea jina lako. Akaliangalia lile kopo, akaniangalia mimi, halafu akachukua."

Simu ikakatika. Punde programu ikamletea picha ya kuthibitisha kwamba chakula kimefika: kopo la wali na kuku juu ya kizingiti cha saruji, na pembeni yake miguu ya mtu iliyovaa ndala za kijani zenye kifungo cha shaba. Fundi akaikuza picha. Ndala zile zilikuwa za mama yao. Miguu ilikuwa ya dada yake, na ilikuwa imevimba kidogo kwenye vifundo, jambo ambalo hakuwa na habari nalo, kwa sababu yeye na dada yake walikuwa hawajasemeshana tangu mama yao alipozikwa, na mwaka wa nne ulikuwa unakatika.

Siku hiyo alikula mkate mkavu.

Kesho yake aliingia kwenye programu mapema ili arekebishe mambo. Akaona kosa lilipo. Enzi za ugonjwa wa mama, ambaye aliugulia kwa dada, alikuwa akimwagizia supu mara kwa mara, na ile nyumba ilikuwa imeandikwa kwenye programu kwa jina la "Nyumbani". Akaifuta. Akaandika anwani yake, mtaa, jengo, ghorofa ya nne, mlango wa kushoto, na programu ikampongeza kwa alama za mshangao na rangi nyingi. Akaagiza kuku tena. Kipikipiki kikatoka, kikapita sokoni, kikapita kituo cha mafuta, kikavuka daraja.

Picha ilipofika, ndala zilikuwa zilezile.

Siku ya tatu alikagua anwani kama anavyokagua breki za lifti. Akaona kwamba kila akibonyeza kitufe cha kulipa, anwani mpya inaondoka kimyakimya na ile ya zamani inarudi kukaa mahali pake. Akajaribu kumwomba mkewe aagize kwa simu yake. Mke akabonyeza kwa utiifu, na programu ikamjibu kwamba yuko mbali mno na mgahawa huo, ikamshauri asogee karibu.

"Inasema nisogee," mke akamwambia.

"Usisogee popote."

Akaagiza mwenyewe mara moja zaidi, kwa hasira, kama mtu anayempa mkosaji nafasi ya mwisho. Safari hii ni mwendesha pikipiki aliyempigia yeye.

"Mzee, yule mama ana ujumbe wako."

Fundi akashika simu kwa mikono miwili. "Amesemaje?"

"Amesema uache kuagiza kuku. Meno yake ya upande mmoja hayafanyi kazi. Kama unataka kumlisha, agiza kitu laini."

"Mwambie simlishi! Mwambie nimekosea!"

Akasikia mwendesha pikipiki akifikisha ujumbe neno kwa neno, bila kupunguza sauti. Kisha akarudi kwenye simu.

"Amesema hilo analijua," akajibu. "Amesema kukosea ni tabia yako."

Ndipo fundi alipoamua kuwatafuta wenye programu. Hawakuwa na ofisi wala namba ya simu iliyoandikwa mahali pa kuonekana. Walikuwa na dirisha dogo la mazungumzo, na ndani yake msaidizi ambaye hakuwa mtu. Fundi akamweleza shida yake kwa mistari minne yenye adabu. Msaidizi akajibu: "Pole sana kwa usumbufu, rafiki! Je, chakula chako kimechelewa?" Fundi akaandika kwamba hakijachelewa, kinakwenda kwa mtu mwingine. "Hongera kwa kumzawadia mpendwa wako!" msaidizi akaandika. Fundi akauliza kama anaweza kuzungumza na binadamu. Msaidizi akasema anaelewa, akamuuliza kama chakula chake kimechelewa.

Akaandika ndiyo, kimechelewa. Palepale simu ikaita, na sauti ya mwanamke aliyechoka ikamkaribisha.

"Naona hapa, baba," yule mwanamke wa huduma kwa wateja akasema baada ya kumsikiliza, na vidole vyake vikasikika vikigonga. "Anwani yako imefungwa kwa sababu una agizo ambalo halijakamilika."

"Agizo gani? Yote yamekamilika. Yanaliwa."

"Hapana, liko moja la zamani. Supu ya mboga na nyama, na mkate laini. Liko njiani."

"Liko njiani tangu lini?"

Mwanamke akamtajia tarehe. Fundi akaona chumba kimekuwa kidogo. Ilikuwa tarehe aliyofariki mama.

"Baba, upo?"

"Nipo."

"Wakati ule mpokeaji alikuwa anapewa namba ya uthibitisho, anamtajia mpelekaji. Siku hizi tunapiga picha, lakini lile agizo ni la mfumo wa zamani. Bila ile namba halifungiki. Ukiipata, iandike, kila kitu kitakuwa sawa."

"Huwezi kulifuta wewe?"

"Ningekuwa naweza, ningeshalifuta. Kuna kingine naweza kukusaidia leo?"

Alipomweleza mkewe, mke alimsikiliza mpaka mwisho, huku mtoto akilia nyuma yake.

"Hiyo namba ilitumwa kwenye simu ya nani?" akauliza.

"Ya mama."

"Na simu ya mama anayo nani?"

Fundi akavuta magongo karibu.

"Basi unajua pa kwenda," mke akasema. "Na chana nywele."

Akashuka ngazi kwa makalio, akachukua teksi, akavuka daraja.

Dada alikuwa ameketi nyuma ya cherehani mlango ukiwa wazi, akizungukwa na sare za shule, mashati meupe huku, sketi za bluu kule, na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa amezeeka, lakini si kwa namna aliyoitarajia. Alikuwa amepungua uso na kuongezeka miguu. Akainua macho. Akaangalia plasta, akaangalia magongo, akaangalia zile nywele zilizochanwa.

"Umefuata chakula chako?" akasema. "Nimeshakula."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mguu umefanyaje?"

"Nimeteleza kwenye ngazi."

"Wewe? Fundi lifti?"

"Ndiyo."

Dada akaminya midomo ili asicheke, akarudi kwenye mshono wake. Hakumkaribisha kiti, lakini akakisukuma kwa mguu kile kilichokuwa na rundo la sketi, na fundi akakielewa. Akaweka sketi mapajani, akaketi, akaeleza habari ya namba. Alieleza kwa kirefu, na mfumo wa zamani na mfumo mpya, kwa sababu alipokuwa anaeleza hakulazimika kusema kitu kingine.

Dada akasimamisha cherehani. Akafungua mtoto wa meza, akachakura kati ya vifungo na mikebe ya sindano, akatoa simu ndogo ya vibonye iliyofungwa kwa mpira. Ilikuwa imekufa siku nyingi. Chaja yake ilipatikana jikoni baada ya matusi mawili matatu ya chini kwa chini, wakaichomeka ukutani, na simu ikaonyesha taa nyekundu nyembamba kama uzi.

"Itachukua muda," dada akasema.

"Sina haraka."

Wakakaa. Kwenye ukuta palikuwa na picha ya mama akiwa amekunja uso, kwa sababu aliamini wapiga picha huwa wanaiba kitu. Kitanda alichougulia hakikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na meza ya kukatia nguo. Hapo kati ya meza na dirisha ndipo siku ya msiba fundi aliposimama, nyumba imejaa ndugu, wajomba na shangazi na watu wa jirani, akasema kwa sauti kwamba mama yake amekufa kwa njaa, kwamba aliwahi kuionja supu aliyokuwa akilishwa na ilikuwa maji matupu, na kwamba mwanamke anayemlisha mama yake maji asijiite mtoto. Dada hakujibu neno siku ile. Aliendelea kugawa vikombe.

"Nikuulize kitu," fundi akasema.

"Uliza."

"Zile supu nilizokuwa nikimtumia. Alikuwa anakula?"

Dada akaokota uzi kwenye gauni lake, akauzungusha kidoleni.

"Supu zako zilikuwa na chumvi ya kukaushia samaki," akasema. "Ya kwanza alikula yote, na usiku akavimba uso mpaka macho yakafunga. Daktari akasema chumvi marufuku. Nikamwambia mama, hatutakula tena vitu vya nje. Akagoma kula. Akasema, hiyo ni supu ya mwanangu, kanitumia mimi, si wewe. Sasa ningefanyaje? Nikawa nachota vijiko vichache, najazia maji ya moto, namletea. Anauliza, hii ni ya mwanangu? Namwambia ndiyo. Anakula. Chakula changu alikuwa hagusi mpaka amemaliza cha kwako."

Nje mtu alipita akisukuma toroli lenye gurudumu linalolia. Lilichukua muda mrefu kupita.

"Kwa hiyo ile niliyoionja..."

"Ilikuwa supu yako mwenyewe."

"Mbona hukusema? Siku ile, mbele ya watu, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba supu ya mwana ndiyo iliyomvimbisha mama, na maiti iko ndani?" Dada akamtazama kwa mara ya kwanza bila kuondoa macho. "Ungeishi vipi na maneno hayo?"

Fundi akainamisha kichwa juu ya zile sketi. "Nilikosea, dada," akasema mwishowe. "Nisamehe. Nilisema maneno mabaya."

"Uliyasema mbele ya watu," dada akajibu. "Hapa tuko wawili."

Simu ikalia mlio wa kuwaka. Wote wawili wakashtuka, kwa sababu ulikuwa mlio aliouchagua mama, wa jogoo.

Ujumbe ulikuwa mwingi, wote namba tupu, moja kwa kila supu. Mama hakuwa amefuta hata mmoja. Wakashuka mpaka wa mwisho, ambao haukuwa umefunguliwa.

"Yule mpelekaji alikuja," dada akasema, akiitazama. "Mama alikuwa ameondoka kama saa moja hivi. Watu wanaingia, na yeye anaingia na supu, anaulizia namba. Hakuna aliyemwelewa. Shangazi akampa kiti. Akakaa na kofia lake la pikipiki mapajani, kila mtu akidhani ni wa upande mwingine wa ukoo. Akalia pia, masikini. Giza lilipoanza akaiacha ile supu jikoni, akaondoka."

"Bila namba."

"Nani angempa?"

Fundi akaiandika namba kwenye simu yake. Akakosea, akaandika tena. Programu ikafikiri. Kisha ikamwaga rangi zake zote. "Hongera! Agizo lako limefika! Je, supu ilikuwa ya moto?" Chini yake palikuwa na nyota tano za kujaza.

"Wape mbili," dada akasema. "Chumvi."

Akawapa mbili. Programu ikasikitika, ikaahidi kujirekebisha, na anwani ikafunguka. Akaandika ya kwake, akabonyeza, ikakaa. Ilikuwa mchana, na hakuna aliyekuwa amepika. Dada akasema yeye leo hapiki, ana mashati ya kumaliza, lakini ule mgahawa wa kuku ulikuwa na tawi mtaa wa tatu kutoka pale, amekuwa akiona jina lake kwenye makopo. Kwa nini wasiende kukaa mezani kama watu?

Walikwenda polepole, yeye na magongo, dada na vifundo vyake. Jina waliliona mwisho wa uchochoro, juu ya ukuta wa bati. Hapakuwa na meza, wala vitambaa vyeupe, wala maua. Palikuwa na kidirisha, na nyuma yake mpishi mwenye jasho katikati ya moshi, na mbele yake waendesha pikipiki wanne wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja.

"Kuku na kitu laini," fundi akasema kwenye kidirisha.

"Hatuuzi kwa mkono," mpishi akajibu. "Agiza kwenye simu."

"Lakini niko hapa."

"Nakuona. Agiza kwenye simu."

Fundi akaegemea ukuta, akatoa simu, akaagiza. Alipofika kwenye anwani alisita, kisha akaandika mahali walipokuwa wamesimama. Ndani ya kidirisha simu ya mpishi ikalia. Mpishi akaisoma, akatikisa kichwa, akatia kuku motoni.

Ilikuwa ni kungoja tena. Fundi akawatazama wale waendesha pikipiki, ambao nao walikuwa wanamtazama, kwa kuwa hawakuwa na kingine cha kutazama. Akasafisha koo. Akajiweka sawa juu ya magongo.

"Jamani," akasema, kwa sauti ile ya kuongea na mtu aliyenasa ndani ya lifti. "Huyu ni dada yangu. Mama yetu alipofariki nilisema mbele ya watu kwamba alimnyima chakula. Nilisema uongo. Alimlisha vizuri kuliko mimi. Mimi ndiye nilikuwa sijui kitu."

Waendesha pikipiki wakatazamana. Mmoja akavua kofia lake. "Sawa, mzee," akasema. "Tumesikia." Mpishi akatoa kichwa dirishani kuona kuna nini, akakirudisha.

Dada alikuwa amejifunika mdomo kwa ile futi ya kupimia. "Una wazimu," akasema. "Hawa hata hawanijui."

"Ndio watu waliopo."

"Shangazi alikuwepo siku ile. Hawa hawakuwepo."

"Nitampigia shangazi."

"Leo."

"Leo."

Kuku alitoka, na viazi vya kuponda kwa ajili ya meno ya dada. Mwendesha pikipiki wa kwanza kwenye foleni akavipokea dirishani, akageuka, akapiga hatua mbili, akavikabidhi. Kisha akawaomba wasimame karibu karibu kidogo, apige picha.

Jioni hiyo fundi alimpigia shangazi. Shangazi alikuwa mzito wa masikio siku hizo, ikabidi aseme kwa kelele, na majirani wa ghorofa ya nne, ya tatu na ya tano wakasikia pia. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza mara mbili habari ya chumvi, akakata simu bila kuaga. Kabla ya siku ya pili kwisha ukoo wote ulikuwa umeshapata habari, ingawa kwa wajomba ilifika kwamba aliyevunjika mguu ni dada, na wawili wao wakaenda kumpa pole.